Tiba ya sonona ya muda mrefu kwa simu: kipi kinafaa kulipiwa Nairobi

Programu nyingi za afya ya akili unazoweza kupakua leo ukiwa Nairobi zilitengenezwa zikimfikiria mtu aliyeanza kuugua majuzi. Masomo sita au manane, zoezi la kupumua, kikatuni cha kukupigia makofi, halafu kwaheri. Mwenye sonona (depresheni, kama wengi wanavyoiita mjini) iliyomkalia miaka mitatu, sita au kumi humaliza masomo hayo akajikuta palepale, na safari hii amepata ushahidi mpya kwamba yeye ndiye haponi. Tathmini hii inazipima huduma hizi kwa mizani ya huyo wa pili.

Tumezipima kwa aina, kwa sababu unachonunua ni muundo wa huduma. Nembo na bei hubadilika kila msimu. Aina zenyewe ni nne: roboti ya mazungumzo, masomo ya kujisomea, masomo yenye msaidizi wa kukupigia simu, na tiba ya mseto ambapo mtaalamu hukuona kwa video au kwa sauti huku programu ikibeba vipimo na mazoezi ya kati ya vikao. Ya nne ndiyo inayostahili pesa ya mwenye sonona ya miaka. Ya tatu inaifuata kwa karibu na ni nafuu zaidi. Ya pili ni kitoweo, haishibishi peke yake. Ya kwanza tutaieleza kwa urefu kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na wengi, na ndiyo inayokosea kwa namna ambayo mtumiaji haoni.

Sonona ya muda mrefu ina sura yake. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unaihesabu kuwa ya kudumu ikifika miaka miwili bila kuachia kwa zaidi ya miezi miwili. Kwa muda huo maisha yote huwa yamejipanga kuizunguka: marafiki wamepungua, simu hazipokelewi, kazi imechaguliwa ile isiyohitaji kuongea na watu. Juu ya hayo huota imani moja ngumu, kwamba hata nifanye nini, hakuna kitakachobadilika. Huduma isiyoigusa imani hiyo inapaka rangi ukuta wenye ufa.

Tiba iliyobuniwa mahsusi kwa hali hii huitwa CBASP, kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani James McCullough. Mwaka 2000 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la watu 681 wenye sonona sugu: waliopata nafuu walikuwa asilimia 48 ya waliopewa dawa peke yake, asilimia 48 vilevile ya waliopewa CBASP peke yake, na asilimia 73 ya waliopewa zote mbili. Majaribio ya baadaye hayakung'aa hivyo, na dawa iliyotumika, nefazodone, iliondolewa katika masoko mengi kwa sababu ya madhara ya ini. Hata hivyo zoezi kuu la CBASP limebaki kuwa kitu bora zaidi unachoweza kutia ndani ya simu, na ni jambo la kushangaza kwamba programu chache mno zinalo.

Zoezi hilo huchambua tukio moja dogo, lenye mwanzo na mwisho. Tuseme mweka hazina wa chama chenu cha kuchangishana pesa kwa zamu amekutumia ujumbe: "Jumapili hatukukuona, vipi?" Unaandika kilichotokea kama kamera ingekiona. Kisha ulivyokielewa: "wamenichoka, wanatafuta sababu ya kunitoa". Kisha ulichofanya: ukazima simu siku nne. Kisha kilivyoisha: jina lako likaondolewa kwenye zamu ya kupokea pesa. Kisha ulivyotaka kiishe: usamehewe siku moja na ubaki kwenye zamu. Swali la mwisho ni je, ulipata ulichotaka, na kama hukupata, ni wapi ungekanyaga tofauti? Mtu aliyeamini kwa miaka kwamba matendo yake hayana uzito anaona kwa mwandiko wake mwenyewe kwamba kuzima simu ndiko kulikoleta matokeo. Ujumbe wa maneno manne, "niliugua, nitakuja wiki ijayo", ungeleta mengine.

Kwenye karatasi zoezi hili hufeli kwa sababu hufanywa siku ya kikao, tukio likiwa limeshapoa. Kwenye simu hufanywa jioni ileile, kwa kuandika au kwa ujumbe wa sauti, na mtaalamu hulikuta tayari kikao kinapofunguliwa. Hapo teknolojia imeongeza kitu ambacho chumba cha ushauri pale Upper Hill hakiwezi. Ukiuliza huduma yoyote swali moja tu, liwe hili: kati ya kikao na kikao ninajaza nini, na nani anakisoma kabla hatujaongea? Wakijibu kwamba kuna shajara ya hisia na haisomwi na mtu, hicho ni kitabu cha mazoezi cha bei ghali.

Sasa roboti. Uzuri wake ni wa kweli: iko macho saa tisa usiku, haina foleni, na kwa mtu mwenye aibu ni mahali pa kutamka jambo kwa mara ya kwanza. Lakini haichoki, na hapo ndipo penye tatizo. Mwenye sonona ya muda mrefu ana tabia ya kutafuna jambo lilelile kwa saa nyingi. Binadamu anayemsikiliza hufika mahali akasema, "Haya tumeyaongea jana. Leo umekula?" Roboti ya kisasa inayotunga majibu yake yenyewe hukubaliana naye, humpa pole, humuuliza aeleze zaidi, na wote wawili hutafuna hadi alfajiri. Akiamka ana usingizi wa saa mbili na hali mbaya kuliko jana. Ukilazimika kuitumia, iwekee mwisho wa dakika 20, usiifungue baada ya saa nne usiku, na uanze mazungumzo kwa kuiambia unataka kutoka na tendo moja la kufanya kesho.

Lugha ni shimo jingine. Watu wa Nairobi wenye sonona hawasemi wana sonona. Wanasema wana mawazo mengi, kichwa kizito, mwili umelegea, mgongo unauma, "sijiskii". Roboti iliyofundishwa kwa Kiingereza inasikia maumivu ya mgongo na kushauri kiti kizuri. Upande wa pili, "nimechoka na hii maisha" ni kauli ambayo mtu husema akiwa amekwama kwenye foleni ya magari Mombasa Road bila maana yoyote, na ni kauli hiyohiyo ambayo mtu aliye hatarini husema kwa upole. Kabla ya kuiamini, ijaribu ukiwa mzima. Iandikie kwa Kiswahili cha kawaida, kisha kwa Sheng, kwamba unatamani ulale usiamke. Iliyo salama itakuuliza waziwazi kama unafikiria kujiua, itakupa nambari inayofanya kazi Kenya, na itakuunganisha na mtu. Ikikupa zoezi la kupumua au nambari ya Marekani, ifute. Nambari ya Kenya ya bure ni 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Befrienders Kenya nao husikiliza watu walio katika hali hiyo. Iwapo hali ni ya usiku huohuo, nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, usisubiri programu ijibu.

Kuna na suala la kufungwa kwa duka. Woebot, mojawapo ya roboti zilizosifiwa zaidi duniani, ilizinduliwa Marekani mwaka 2017 na ikafunga programu yake tarehe 30 Juni 2025. Aliyekuwa ameweka historia ya hisia zake huko alilazimika kuiomba au kuipoteza. Kwa ugonjwa wa wiki sita hilo ni usumbufu. Kwa ugonjwa wa miaka kumi, kumbukumbu ndiyo nusu ya tiba, kwa hiyo uliza mapema kama unaweza kutoa rekodi zako zote kwa faili moja.

Masomo ya kujisomea hatutakaa nayo sana. Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2015, la watu 691, liliweka programu mbili maarufu, MoodGYM na Beating the Blues, juu ya matibabu ya kawaida ya daktari wa familia. Hazikuongeza faida ya maana, na sababu iliyotajwa ni kwamba wengi hawakuzimaliza. Uchambuzi mpana wa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry ulionyesha mpaka wenyewe ulipo. Mwenye dalili hafifu hupata karibu kile kile akijisomea au akiwa na msaidizi, lakini mwenye dalili za wastani kwenda juu hunufaika zaidi akiwa na mtu wa kumwongoza. Mwenye sonona ya miaka mara nyingi yuko upande wa pili wa mpaka huo. Nunua masomo hayo iwapo tu mtaalamu wako ameyachagua na atakuuliza juu yake.

Msaidizi anayetakiwa si lazima awe na shahada. Mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao Step-by-Step, uliopimwa Lebanon kwa wakimbizi wa Syria na wakazi wengine, una vikao vitano vya kidijitali na msaidizi aliyefundishwa anayepiga simu au kuandika kwa takriban dakika 15 kwa wiki. Nairobi yenyewe ina historia hapa: mpango mwingine wa shirika hilo, PM+, wa vikao vitano vya dakika 90, ulipimwa pembezoni mwa jiji hili kwa wanawake, vikiongozwa na wahudumu wa afya wa jamii, na matokeo yake ya mwaka 2017 yalionyesha dhiki imepungua. Kinachofanyika katika dakika 15 nzuri ni kidogo na kikavu: ulipanga kufanya nini, kilifanyika, kilikwamia wapi, tukipunguze kiwe kidogo kiasi gani ili kifanyike kabla ya Ijumaa. Basi. Msaidizi anayeanza kutoa mawaidha au kusimulia shida zake amevuka mpaka.

Kinachoharibu aina hii ni kubadilishwa kwa msaidizi kila wiki, na ujumbe ulioandikwa tayari unaotumwa kwa kila mtu. Utaujua kwa urahisi: umeandika kwamba umefiwa na jibu linasema "Hongera kwa kuendelea!" Uliza msaidizi mmoja anahudumia watu wangapi kwa wiki. Zidisha kwa dakika 15, ongeza muda wa kusoma, uone kama saa za kazi zinatosha. Hesabu hiyo huwaumbua wengi.

Tiba ya mseto, ikiwa imepikwa vizuri, huwa hivi. Kikao cha kwanza ni kirefu, dakika 60 hadi 90, ana kwa ana ikiwezekana. Humo mtaalamu huuliza mambo ambayo programu haiulizi vizuri: umewahi kuwa na siku kadhaa za nguvu za ajabu, usingizi kidogo na matumizi ya pesa bila breki? Jibu la ndiyo laweza kuwa na maana ya ugonjwa wa hisia za pande mbili (bipolar), na hapo dawa ya sonona peke yake inaweza kukupandisha kwenye hali hiyo ya nguvu za ajabu. Unakunywa kiasi gani? Unatumia dawa gani za magonjwa mengine? Damu imepimwa kwa upungufu wa damu na kwa tezi ya shingo? Kuna watu wametibiwa sonona kwa miaka kumbe tezi ndiyo iliyolegea, na hakuna katuni ya simu itakayoligundua hilo.

Baada ya hapo, vikao vya dakika 50 kila wiki kwa angalau miezi mitatu, kisha kila wiki mbili, kisha kila mwezi. Jaribio lile la CBASP lilianza na vikao viwili kwa wiki kwa mwezi wa kwanza. Kifurushi kinachotangaza "wiki nne kuishinda depresheni" kimeandikwa na mtu wa matangazo.

Kipimo cha kawaida cha sonona ni PHQ-9, dodoso la maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 5 ni dalili hafifu, 10 ni za wastani, 15 ni za wastani kwenda kali, 20 na zaidi ni kali. Kushuka kwa alama 5 ni badiliko la maana. Kushuka kwa nusu huitwa mwitikio. Chini ya 5 ndiko kunakolengwa. Maswali huuliza kuhusu wiki mbili zilizopita, kwa hiyo huduma inayokujazisha kila siku inapima kelele. Kila wiki mbili panatosha, na katikati yake swali moja la hisia kwa siku, saa ileile.

Tafsiri za Kiswahili za PHQ-9 zipo na zimepimwa kwa wagonjwa hapa Kenya. Pamoja na hayo, kuna programu zilizotafsiriwa na mashine usiku mmoja. Ukikuta swali linakuuliza kama "umejisikia chini", umeipata moja. Hata tafsiri nzuri inahitaji mtu wa kuisoma. Swali la hamu ya kula hujibiwa "karibu kila siku" na mtu ambaye hamu anayo ila unga umekwisha. Swali la usingizi hupandishwa na baa iliyo chini ya ghorofa pale mtaa wa Pipeline, au na zamu ya usiku ya askari wa lango. Alama mbili au tatu zinaweza kuwa za mazingira, na mtaalamu asiyeuliza atabadilisha dawa kwa sababu ya spika ya jirani.

Swali la tisa ni la mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapa ndipo pa kuitia huduma kikaangoni: nikijaza alama 1 au zaidi saa sita usiku Jumamosi, nani ataona, na lini? Jibu linalokubalika lina mtu wa zamu, muda uliotajwa, nambari ya jamaa au rafiki uliyemchagua wewe, na mpango wa usalama uliouandika mkiwa pamoja siku ulipokuwa na utulivu. "Mfumo wetu unatambua" si jibu. Kwa miaka mingi watu waliogopa kujaza swali hili kwa ukweli kwa sababu kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtaalamu mzuri hukueleza hilo mapema, pamoja na mipaka ya siri yake, ili ujaze bila hofu.

Ukifika wiki ya sita hadi ya nane na alama hazijashuka hata 5, mpango unapaswa kubadilika: kuongeza dawa au kupitia upya kipimo chake, kubadili aina ya tiba, kuchunguza upya utambuzi. Hili ndilo kosa kubwa la huduma za kulipia kwa mwezi. Mteja asiyepona haleti hasara kwao, hivyo grafu inalala tambarare mwaka mzima na hakuna anayeshtuka. Dai tarehe ya tathmini iandikwe tangu mwanzo.

Programu isikuambie uache dawa, wala isikuandikie. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake na huachwa polepole. Mwanasaikolojia haandiki dawa, kwa hiyo huduma iwe na daktari wa akili inayeshirikiana naye, au ikubali kumwandikia barua daktari wako wa hospitali ya Mathari, Kenyatta au kliniki binafsi, kwa ruhusa yako. Barua yenye grafu ya PHQ-9 ya wiki 12 humwokolea daktari mwenye foleni ndefu nusu saa ya kubahatisha.

Mazoezi ya kutenda nayo yana ufundi wake. Kanuni ni kutenda kwanza, hamu ifuate, kwa sababu mwenye sonona akisubiri hamu atasubiri sana. Programu nzuri hukuwezesha kukata tendo vipande hadi liwe la dakika tano: kufungua pazia, kuosha kikombe kimoja, kushuka hadi dukani na kurudi. Kila tendo hupewa alama mbili, 0 hadi 10, moja ya raha na moja ya kuweza. Alama ya kuweza mara nyingi hupanda kabla ya ile ya raha, na mtumiaji asipoambiwa hivyo huacha akidhani zoezi limefeli. Orodha za matendo zilizoagizwa nje ni kichekesho: loweka mwili kwenye bafu la maji moto, mpeleke mbwa matembezini. Mtu wa Githurai ana beseni, na mbwa ni wa mwenye nyumba. Orodha lazima iruhusu uandike vyako: kusukwa nywele, mazoezi ya kwaya, mzunguko mmoja Arboretum, kumsaidia mtu kupanga nguo Gikomba, kumpigia shangazi simu ya dakika tatu.

Kuhusu programu zinazodai kukutambua kwa hatua unazopiga na usingizi wako bila wewe kujaza kitu, usiongeze hata shilingi moja kwa ajili ya hilo. Matatu inayoruka mashimo Jogoo Road huweza kuhesabiwa hatua. Simu iliyoachwa kwa jirani ichajiwe huonekana kama mtu aliyelala. Mfanyakazi wa zamu ya usiku Industrial Area huonekana mgonjwa wa usingizi maisha yake yote.

Tukija kwenye simu yenyewe, hapo ndipo tiba nyingi hufia. Saa moja ya video ya ubora wa kawaida, kilobiti 500 kwa sekunde kila upande, hula takriban MB 450. Kikao cha dakika 50 ni MB 375, na vikao 12 ni GB 4.5. Sauti peke yake kwa intaneti ni kama MB 24 kwa kikao kilekile. Kwa hiyo panga hivi: kikao cha kwanza na kila cha nne kwa video, vingine kwa sauti, na mkubaliane nani anampigia nani kwa laini ya kawaida intaneti ikikatika. Stima ikipotea, ruta inazimika nayo hata kama simu imejaa chaji. Weka bando dogo la akiba kwenye laini.

Vikumbusho visipofika, usiilaumu programu kwanza. Simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa Luthuli Avenue huua programu zinazokaa nyuma ili kuokoa betri. Ingia kwenye mipangilio, tafuta programu hiyo, fungua sehemu ya betri, ondoa kizuizi, kisha iruhusu ijiwashe yenyewe. Baada ya kila sasisho la mfumo rudia, maana mipangilio hiyo wakati mwingine hurudi ilivyokuwa. Ukiwa hapo, zima maneno ya arifa kwenye skrini iliyofungwa. "Je, bado unajihisi huna thamani?" si ujumbe wa kusomwa na kondakta juu ya bega lako.

Faragha ya chumba kimoja chenye kuta za mabati au za mbao haitatuliwi na usimbaji fiche (encryption). Vipokea sauti huficha upande wa mtaalamu tu, wako unasikika. Kinachofanya kazi ni kikao cha nusu maandishi: mtaalamu anaongea, wewe unaandika. Mkubaliane pia neno la kawaida, kama "nitakutumia bei", lenye maana kwamba mtu ameingia. Wengine hufanya kikao wakiwa kwenye gari lililoegeshwa au pembeni mwa uwanja wa kanisa siku ya kazi. Simu ikiwa ya familia, usiweke programu kabisa; tumia sauti na daftari linalobaki kazini. Kumbuka vilevile kwamba taarifa ya M-Pesa hubeba jina la mlipwaji, kwa hiyo uliza jina gani litaonekana kabla ya kutuma.

Kabla ya kulipa, hakiki watu. Daktari wa akili lazima awe kwenye sajili ya KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno la Kenya, ambayo hutafutwa mtandaoni kwa jina. Washauri na wanasaikolojia wako chini ya bodi iliyoundwa na sheria ya mwaka 2014. Omba nambari ya usajili, uithibitishe na bodi. "Kocha wa maisha" hayuko popote kati ya hizo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za afya ni data nyeti: una haki ya kujua zinatumikaje, kuziona na kuomba zisahihishwe au zifutwe, na lalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Uliza hasa kama maandishi yako yanatumiwa kufunzia roboti, na kama mwajiri anayekulipia huduma anaona jina au anaona hesabu ya jumla tu.

Kwa bei, saa moja ya mshauri binafsi jijini huanzia takriban shilingi 2,000 na kupanda hadi 5,000 na zaidi. Ukichukua 3,000, vikao 12 ni 36,000. Wasiomudu wanaweza kuuliza mpangilio ambao ni wachache wanaoutangaza lakini wengi watakubali: vikao sita kamili kila wiki mbili, na katikati yake simu sita za dakika 15 za msaidizi. Simu ya robo saa ikitozwa kwa kiwango hichohicho ni shilingi 750, jumla inakuwa 22,500, na mazoezi hayapotezi mdundo. Tukilazimika kuchagua kati ya hilo na vikao 12 vya mtaalamu asiyegusa kitu kati ya Jumanne na Jumanne, tungechukua hilo.

Usilipe mwaka mzima kwa mkupuo hata ukipewa punguzo. Lipa mwezi mmoja, jaza PHQ-9 mara mbili, fanya uchambuzi wa matukio manne, kisha omba mambo mawili: nakala ya rekodi zako kwa faili, na jina la mtu aliyesoma matukio hayo manne. Faili ikichelewa wiki mbili, au jina likikosekana, usitume pesa ya mwezi wa pili.